Ndege wa porini: anza na kivuli chako

Kabla hujainua kamera, tazama kivuli chako. Kikielekea kwa ndege, jua liko mgongoni mwako, uko pazuri. Kikilala ubavuni, zunguka polepole mpaka kikae sawa.

Kwa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hili si la hiari. Kijani chake kinachometameta hakitokani na rangi kama ya kitambaa. Ni umbo la unyoya wenyewe linalorudisha mwanga kwa pembe fulani. Juzi nilimvizia mmoja uani: akinigeuzia kifua, kinawaka, akipinda shingo kidogo tu, mweusi kama mkaa. Picha arobaini, zenye rangi tatu.

Pili, muda. Wahi saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, au ya mwisho kabla halijazama. Likiwa utosini, jicho humezwa na kivuli, na bila ile nukta ya mwanga jichoni ndege huonekana kama sanamu.

Tatu, shuka. Ndege wa ardhini au wa majini mpige ukiwa umelala kifudifudi, lenzi usawa wa jicho lake. Utachafuka, ndiyo. Lakini ukipiga kwa juu, nyuma yake ni matope ya hatua moja. Ukilala, nyuma yake ni nyasi za mbali zilizofifia, naye anajitokeza.

Nne, lenga jicho, na uache nafasi upande anakotazama. Aliyetulia, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/500 inatosha. Anayeruka, anzia 1/2000.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangeyange wangu anatoka kama karatasi tupu, manyoya hayaonekani.*
Kamera imedanganywa na giza lililomzunguka, ikaongeza mwanga. Punguza mwanga hadi -1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Weupe ukishaungua, hakuna programu ya kuurudisha.

*Na siku ya mawingu, nibaki nyumbani?*
Usibaki! Mawingu hulainisha vivuli. Kinachosumbua ni anga jeupe, kwa hiyo tafuta ndege mwenye majani nyuma yake. Ukikosa, ongeza +1 au zaidi. Anga liungue, mradi ndege aonekane.

*Kuna kijiti kinaziba kiota. Nikikate?*
Hapana, ndugu yangu. Kijiti hicho na majani yake ndiyo yanayowaficha makinda wasionwe na mwewe, tena huwakinga jua. Achana na kiota, katafute ndege mwingine.