SOMO: Zima simu, TV na redio kwa saa moja usikie nyumba yako

Habari zenu wakuu. Kuna usiku umeme ulikatika na simu ilikuwa imeisha chaji, nikabaki nimekaa tu gizani, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba friji imenyamaza. Yaani miaka yote ile friji inaunguruma mita chache kutoka nilipo na sikuwahi kuisikia mpaka iliponyamaza! Ubongo ndivyo ulivyo, sauti isiyobadilika unaizoea unaiweka pembeni, ila sikio lenyewe halina kope, hata ukilala linapokea tu.

HATUA YA 1: Chagua saa ambayo kwa kawaida unakuwa na TV au simu, sio saa ambayo huna cha kufanya. Simu izime kabisa, ukiiweka sailenti utaichungulia tu.

HATUA YA 2: Kaa. Dakika kumi za mwanzo ni ngumu, mkono utaenda mfukoni wenyewe, uache uende urudi.

HATUA YA 3: Hapa ndo penyewe, usiparukie. Anza na sauti za mbali kabisa, magari, mbwa, jenereta ya mtu, halafu sogea, sauti za jirani, halafu za ndani kwako, feni, saa ya ukutani, chaja inayolia kasauti kembamba, mwisho pumzi yako mwenyewe. Kila sauti jiulize inatoka wapi na inaishia wapi. Usiharakishe kuiita kelele, mimi kuna sauti ya ufagio wa asubuhi nilikuwa naichukia sasa hivi naisubiri.

HATUA YA 4: Ziandike kwenye karatasi, zile unazoweza kuzimaliza zipigie mstari. Bawaba inayolia inataka mafuta tu.

HATUA YA 5: Ukiwasha tena anza na sauti ya chini kabisa. Wengi wetu tunaongeza TV ili kufunika feni, halafu tunaongea kwa kupaza ili kuifunika TV, na sikio linatudanganya maana desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zikiongezeka nguvu ya sauti imekuwa mara 10 ila wewe unaona kama imekuwa mara mbili tu. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki, zikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Wa earphone mnanisikia?

MASWALI YENU

Swali: Mkuu nimejaribu, kimya kilipoingia masikio yakaanza kulia nziiii, naumwa?
Jibu: Kidogo kidogo kwenye kimya inawatokea wengi. Ila kama haiishi, au ni sikio moja, au unasikia kizunguzungu au husikii vizuri, nenda kwa daktari wa masikio usichelewe.

Swali: Mbona barabara kuu naisikia usiku tu na mchana ndo ina magari mengi?
Jibu: Usiku ukitulia ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, basi sauti inapinda kurudi chini inafika mbali. Mchana wa jua inapinda kwenda juu inakupita. Na mchana kelele zingine zinaimeza.

Swali: Mama yangu mgonjwa yuko mbali, siwezi kuzima simu.
Jibu: Usizime ndugu yangu. Zima data, mlio wa kupigiwa uweke juu, simu ikae chumba kingine. Mama apone.

Swali: Mi nimesikia maji yanachirizika na mabomba yote nimefunga!!
Jibu: Kaangalie mita, kama inazunguka kuna mahali panavuja. Anza na tangi la choo, weka rangi ya chakula ndani, usiflashi, subiri kama nusu saa, ukiona rangi imeshuka kwenye sinki la choo basi ni ile raba ya ndani imechoka, badilisha.

Swali: Nimeweka rangi, imeshuka kweli. Asante mkuu, kumbe mwezi mzima nilikuwa nadhani ni mvua.