Rafu za stoo kwa mikono yako: kwanza mbao zikauke

Mwezi uliopita nilikuwa Pasua, Moshi, kwa wifi yangu, tukimtengenezea rafu za stoo. Wiki hiyohiyo watu watatu waliniomba maelezo, kwa hiyo nayaandika yote hapa ili kila mmoja asome. Rafu zenyewe ni za kusimama, zina urefu wa mita 2.4, kimo cha mita 1.8 na kina cha sentimita 40, na vitu vinakaa kwenye rafu nne, moja juu ya nyingine. Zinabeba ndoo za lita 20, sufuria za shughuli, mafuta na madebe ya maharage. Mtu mmoja mwenye msumeno mkali na msaidizi wa kushika upande wa pili anazimaliza kwa siku moja na nusu. Kinachochukua muda ni kusubiri kabla ya hapo, na kusubiri huko ndiko kulikonifanya niandike.

Hatua ya 1: Chagua mbao

Moshi utapata saipresi, paini na grivelia. Mimi huchagua saipresi. Ina harufu nzuri, inakubali randa, na vidudu haviipendi kama wanavyopenda paini. Grivelia inayotoka vihambani inapendeza sana kwa rangi, lakini ninayoipata mara nyingi imepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo na unene wake haulingani. Ukiletewa mseri kwa bei ya kuvutia, uache. Miti ile ni ya msitu wa asili wa mlimani, na msitu huo umekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005. Mbao za mashamba ya miti zipo za kutosha, na muuzaji anakupa risiti.

Usinunue mbao za kijani zilizotiwa dawa, zile za kenchi. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Juu ya dari hazina shida, lakini ndani ya stoo ya chakula hazifai. Vipande vyake pia usivichome jikoni. Hata ile tabia ya kupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa, kwenye stoo ya unga na maharage naikataa kabisa. Nyanyua miguu ya rafu juu ya vipande vya bati au vigae, kisha kagua kila mwezi kama kuna njia za udongo zinazopanda.

Mahitaji, yote ya futi 12, unene na upana kwa inchi:

- mbili kwa nne, vipande 5 (miguu)
- mbili kwa mbili, vipande 3 (vishikizo, yaani vipande vya kuunganisha miguu na kubeba rafu)
- moja kwa nane, vipande 8 (rafu zenyewe)
- moja kwa tatu, kipande 1 (mshazari wa nyuma)

Pamoja na hizo, skrubu za inchi 3 na nusu, skrubu za inchi 2, na fisha mbili za ukutani (plagi za nailoni) na skrubu zake.

Hatua ya 2: Kausha mbao

Hapa tutakaa kidogo.

Rafu zangu za kwanza nilinunua mbao Ijumaa, mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Jumamosi nilikata, Jumapili nilifunga, na jioni nilipanga vitu. Zilikuwa nzuri. Kufikia Julai kila ubao wa inchi 8 ulikuwa umepungua upana karibu milimita 6. Mbili zilijikunja hadi ndoo ikisimama inayumba. Skrubu zilikuwa zimelegea, na chini ya gunia la mahindi nilikuta ukungu wa kijani kwenye ubao. Gunia lile nililimwaga, maana mahindi yenye ukungu huwezi kujua kama yana sumukuvu kwa kuyatazama tu. Nilibomoa, nikapiga randa upya, nikafunga tena. Kazi ya siku mbili ikaniondolea siku tano na gunia la chakula.

Kosa halikuwa la fundi aliyepasua wala la saipresi. Mbao mbichi imejaa maji. Yale yaliyo wazi katikati ya nyuzi yakitoka, ubao hausinyai, unakuwa mwepesi tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo maji yaliyomo ndani ya kuta za nyuzi yanaanza kutoka, na hapo ubao unaanza kusinyaa. Tena hausinyai sawa pande zote. Kufuata duara za mti unasinyaa karibu mara mbili kuliko kuelekea moyo wa mti, na kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Tofauti hiyo ndiyo inayokunja ubao. Ukiufunga ukiwa mbichi, utajikunja ukiwa kwenye rafu. Ukisubiri, utajikunja ukiwa kwenye rundo, na randa itausawazisha kabla hujaukata.

Muuzaji atakwambia mbao ni kavu. Anamaanisha zimekauka juu kwa kuguswa. Usibishane naye, wewe panga rundo lako:

Weka matofali chini, kimo cha sentimita 30, yawe na usawa mmoja. Mahali pawe na paa na upepo unaopita. Kwetu ni baraza ya nyuma, kwa wifi ilikuwa chini ya paa la kuegeshea gari. Jua la moja kwa moja halifai, linakausha uso haraka kuliko moyo na ubao unapasuka. Chumba kilichofungwa nacho hakifai, unyevu hauna pa kwenda na ukungu unaanza.

Kati ya safu na safu weka vijiti vyenye unene sawa, inchi moja, kila baada ya sentimita 50. Vijiti vya safu ya juu vikae juu kabisa ya vijiti vya chini, mstari mmoja hadi kwenye tofali. Hili mara ya pili nilililegeza, nikaweka vijiti popote palipokuwa na nafasi, na mbao zikachukua umbo la mawimbi. Uzito wa rundo unakandamiza kila ubao pale usipokuwa na kitu chini yake. Kwa hiyo vijiti vipange kwa macho yote mawili.

Ncha za mbao zipake rangi yoyote uliyobaki nayo. Maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko mahali pengine, na ndiyo maana ncha hupasuka kwanza. Juu ya rundo weka matofali kumi au kumi na mawili ili safu ya juu isijikunje.

Sasa utajuaje zimekauka? Watu hugonga, hunusa, huinua mkononi. Mimi napima kilo, na sitarudi kwenye mambo ya kugonga. Chagua ubao mmoja wa katikati ya rundo, uandike namba, upime uzito siku ya kwanza kwa mizani ya kuning'iniza, kisha kila Jumamosi. Andika kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Wiki za kwanza uzito utashuka sana, baadaye utashuka kidogo kidogo. Ukipima Jumamosi tatu mfululizo na uzito haujabadilika, ubao umekubaliana na hewa ya mahali pako. Mbao za wifi zilifika hapo baada ya wiki 9, kuanzia mwanzoni mwa Januari. Za kwangu za pili, nilizozianza Juni kukiwa na baridi na mawingu ya mlimani, zilichukua karibu miezi minne. Kwa hiyo usiniulize ni wiki ngapi, iulize mizani.

Kama una haraka na harusi iko mlangoni, kuna njia moja tu ninayoikubali: tafuta mbao zilizotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Miaka mingi darini imezikausha kuliko rundo lolote. Ng'oa misumari yote kabla hujazipeleka kwenye randa ya mashine, mwenye mashine hatakusamehe.

Zikishakauka, zipeleke zikapigwe randa pande zote. Kupiga randa kabla ya kukauka ni kulipa mara mbili.

Hatua ya 3: Kata

Miguu 10 ya mita 1.8 kamili, kila mbili kwa nne moja inatoa miwili. Vishikizo 20 vya sentimita 40. Mbao 8 za rafu, mita 2.4 kila moja. Vipande vya mita moja na ushee vitakavyobaki kwenye moja kwa nane usivitupe.

Hatua ya 4: Funga ngazi tano

Ngazi moja ni miguu miwili na vishikizo vinne. Laza miguu chini, weka alama za vishikizo kwenye sentimita 20, 65, 110 na 150, na weka alama za miguu yote kumi kwa pamoja, miguu ikiwa imebanwa sambamba, ukichora mstari mmoja unaoipita yote. Ukipima mguu mmoja mmoja utakosea angalau mmoja.

Skrubu mbili kila ncha ya kishikizo, zile za inchi 3 na nusu. Toboa tundu dogo kwanza, la sivyo ncha ya kishikizo itapasuka. Misumari siitumii kwenye rafu za mzigo, kwa sababu mbao ikipumua kati ya kiangazi na masika msumari unajing'oa taratibu, na ukitaka kuukaza hauna namna. Zile skrubu nyeusi za jipsamu pia ziache dukani. Ni ngumu lakini hukatika kichwa ukizilazimisha, na zikibeba ndoo hukatika bila kukupa dalili.

Kwa nini ngazi tano, yaani msaada kila sentimita 60, wakati tatu zingesimama? Kwa mzigo uleule, ukiongeza umbali kati ya misaada mara mbili, ubao unanepa mara 8. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na rafu moja inaingia ndoo nane. Wifi alitaka tupunguze ngazi ili beseni kubwa liingie chini. Tukaliweka beseni juu kabisa.

Hatua ya 5: Simamisha na uweke mshazari

Simamisha ngazi, laza mbao za rafu ya chini na ya juu, funga kwa skrubu za inchi 2. Kila rafu ni mbao mbili zenye nafasi ya kidole kati yake ili hewa ipite. Kabla ya kufunga, tazama ncha ya ubao, utaona mistari ya duara za mti. Ikae kama bakuli, si kama mwavuli. Ubao ukijikunja tena kidogo, utainuka katikati na kingo zitabanwa na skrubu zilizo karibu na kingo. Ukiugeuza, kingo ndizo zitakazonyanyuka na vitu vitayumba.

Sasa mshazari wa nyuma. Vipimo hivi sikuvichagua bure: kimo 1.8, urefu 2.4, kwa hiyo kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili lazima tepu isome mita 3 kamili. Ni ileile tatu-nne-tano ya waashi. Ikisoma 3.02, sukuma kona ya juu taratibu hadi ikubali, kisha funga ile moja kwa tatu kwenye kila mguu wa nyuma inaopita. Bila mshazari, rafu zote zitalala upande mmoja siku mtoto atakapopanda.

Hatua ya 6: Ukuta

Ukuta usibebe mzigo. Nyumba nyingi za huku ni tofali za bloku zilizopigwa plasta, na plasta ikiwa na mchanga mwingi hutoka unga tu ukiitoboa. Miguu yako inapeleka uzito wote sakafuni, na ukuta kazi yake ni kuzuia rafu zisianguke mbele. Kwa hiyo fisha mbili tu, juu, kushoto na kulia. Toboa hadi ndani ya tofali lenyewe, puliza unga wote utoke, kisha ingiza fisha. Jina hilo ni la Artur Fischer, Mjerumani aliyeibuni ile plagi ya nailoni mwaka 1958, na inashika kwa kutanuka, kwa hiyo unga uliobaki ndani unainyima mahali pa kung'ata. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta.

Hatua ya 7: Chaga za magunia

Vile vipande nane vilivyobaki vinatosha chaga mbili. Tatu juu na kimoja ukikate vipande vya kuwa miguu chini, kimo kisipungue sentimita 10. Magunia ya mahindi yakae hapo, mbali na ukuta, si sakafuni wala kwenye rafu.

Vanishi ni hiari. Wifi alitaka, tukapaka makoti mawili ya ile ya maji baada ya kupiga msasa. Mimi zangu nimeziacha tupu ili niendelee kunusa saipresi kila nikifungua mlango.

Pakia kuanzia rafu ya chini. Baada ya masika ya kwanza, mwezi wa sita hivi, pitia skrubu zote na bisibisi, robo mzunguko kila moja. Za wifi zitafikia hapo mwaka huu, nimeshamwahidi nitakuja na bisibisi yangu.