Namna Chanjo za Watu Wazima Zinavyoidhinishwa na Kulipiwa katika Kliniki za GP nchini England

Mwongozo huu unamlenga muuguzi, meneja au karani aliyekabidhiwa chanjo za watu wazima katika kliniki ya daktari wa familia nchini England, ile ambayo wenyeji huiita GP. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba kila chanjo ina fedha za aina mbili, yaani ada ya kazi ya kuchanja na bei ya chanjo yenyewe, na kwamba fedha hizo hudaiwa kwa njia tofauti. Anayezichanganya ama huacha madai yake bila kulipwa, ama hudai asichostahili.

Anza kwa kujua idhini inatoka wapi. Kamati ya wataalamu iitwayo JCVI huishauri serikali ni nani achanjwe na kwa chanjo ipi. Serikali ikikubali, huduma hiyo huingizwa katika makubaliano ya kila mwaka baina ya Waziri wa Afya na NHS England, yaani chombo kinachosimamia huduma ya afya ya umma (NHS) nchini humo, kisha hushuka hadi kwenye mkataba wa kliniki. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba NHS England itavunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani, kwa hiyo majina yaliyo juu ya barua unazopokea yanaweza kubadilika. Uskoti nako wana utaratibu mwingine kabisa, kwa kuwa kazi hii imeondolewa kwa madaktari wa familia na kupewa bodi za afya.

Tangu Aprili 2021 chanjo za kawaida zimo ndani ya mkataba mkuu, na kliniki haina hiari ya kuzikataa. Inatakiwa iwe na msimamizi anayejulikana, itoe miadi ya kutosha kwa saa zinazowafaa watu, iwaite wanaostahili na kuwakumbusha, ishiriki kampeni za kitaifa za kuwafikia waliopitwa, na itunze kumbukumbu sahihi. Chanjo za mafua na UVIKO-19 ni tofauti, kwa sababu huendeshwa kwa makubaliano ya ziada ambayo kliniki huyakubali yenyewe. Hakikisha makubaliano hayo yamekubaliwa rasmi kabla mtu wa kwanza hajachanjwa.

Ada ya kuchanja iliwekwa mwaka 2021 kuwa pauni 10.06 kwa kila dozi. Aprili 2025 ada ya chanjo za kawaida za watoto ilipandishwa hadi pauni 12.06, ilhali ya watu wazima haikuguswa. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwani kumtafuta mzee asiyepokea simu, kumweleza na kumpangia usafiri ni kazi isiyopungua ile ya kumwita mzazi na mtoto wake. Kwa vyovyote vile, soma viwango vya mwaka husika kabla ya kupanga bajeti.

Upande wa bei ya chanjo ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Chanjo ya mkanda wa jeshi na ile ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, hununuliwa na serikali, nawe huziagiza bila malipo kupitia mfumo wa ImmForm, kwa hiyo hakuna bei ya kudai. Chanjo ya mafua ya watu wazima, kinyume chake, kliniki huinunua yenyewe kwa watengenezaji, miezi mingi kabla ya msimu, kisha hudai kurejeshewa gharama kwa NHSBSA, ofisi ya NHS inayoshughulikia malipo, mwisho wa kila mwezi. Hapo hatari yote ni ya kliniki. Usiweke oda kabla ya kusoma barua ya mwaka inayotaja chanjo zitakazorejeshewa gharama, kwa sababu wenye miaka 65 na zaidi hawapewi lazima aina ile ile wanayopewa vijana wenye maradhi sugu, na aina isiyotajwa hailipiwi. Kadiria kwa kuangalia dozi zilizotumika msimu uliopita kwa kila rika, ukikumbuka kwamba maduka ya dawa nayo huchanja watu wale wale, na muulize muuzaji atakubali kurudishiwa kiasi gani cha dozi zitakazobaki. Chanjo za mafua za watoto usizinunue, kwani hizo hutoka serikalini.

Ada hufuata kumbukumbu. Mfumo wa CQRS, unaotumika kukokotoa malipo ya kliniki, huchota takwimu kutoka kwenye rekodi za wagonjwa, na dozi iliyoandikwa kwa msimbo usio sahihi haihesabiwi. Kila mwezi linganisha idadi ya CQRS na orodha ya kliniki kabla ya kuithibitisha. Angalia pia umri: RSV ilianza Septemba 2024 kwa wanaotimiza miaka 75, na mkanda wa jeshi, kwa mpango wa Septemba 2023, ni kwa wanaotimiza 65 au 70, pamoja na wenye kinga dhaifu sana walio chini ya umri huo. Mkanda wa jeshi una dozi mbili zinazopishana kwa miezi 6 hadi 12 kwa wengi, hivyo panga miadi ya pili siku ile ile ya kwanza. Aliyechanjwa mafua dukani aandikwe kuwa amechanjwa kwingine, kwani ada yake si yako.

Wasafiri wa kwenda Afrika Mashariki huuliza sana kuhusu malipo. Chanjo za homa ya ini A, homa ya matumbo na kipindupindu hutolewa bure na NHS. Kliniki hurejeshewa bei ya chanjo, lakini haipati ada ya kila dozi, kwani kazi hiyo imehesabiwa ndani ya malipo ya jumla ya mkataba. Homa ya manjano haimo katika NHS: msafiri huilipia mwenyewe katika kituo kilichosajiliwa, na ni haki yake kuelezwa hivyo anapopiga simu, kabla hajakata tiketi.