Jinsi ya kumtafuta mtu aliyekamatwa hivi karibuni katika rekodi za jela za kaunti Marekani

Ndugu au rafiki akikamatwa Marekani, mara nyingi taarifa zake huonekana bure mtandaoni siku hiyohiyo. Anayeambulia patupu kwa kawaida ametafuta kwenye kaunti isiyo yake, au ameandika jina kama linavyotamkwa nyumbani badala ya lilivyoingizwa kwenye kompyuta ya jela. Kwa hiyo usipoliona jina, usihitimishe kwamba hayuko.

Hatua ya 1: Kusanya taarifa

Jina kama lilivyo kwenye leseni au grinikadi, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipokamatwa na saa ya takriban.

Hatua ya 2: Ijue kaunti

Kinachohesabika ni mahali alipokamatwa, si anapoishi. Mtu wa Saint Paul (kaunti ya Ramsey) akikamatwa akiendesha gari Minneapolis, atakuwa Hennepin. Miji mikubwa huvuka mipaka ya kaunti: Dallas imeingia kwenye kaunti tano (Dallas, Collin, Denton, Kaufman na Rockwall), Columbus iko zaidi Franklin lakini inagusa Delaware na Fairfield, na Atlanta iko Fulton na DeKalb. Kama una jina la barabara tu, liweke kwenye ramani uone kaunti.

Kuna pengine ambapo utaratibu huu haufanyi kazi. Connecticut, Rhode Island, Delaware, Vermont na Hawaii hazina jela za kaunti kama majimbo mengine. Mahabusu wako chini ya idara ya magereza ya jimbo, na ndiko utafute. Louisiana kaunti huitwa "parish". New York City ina idara yake ya magereza kwa kaunti zake zote tano. Virginia ina miji inayojitegemea isiyo ndani ya kaunti yoyote, na jela za kikanda zinazohudumia maeneo kadhaa kwa pamoja.

Hatua ya 3: Fungua orodha rasmi, si nyingine

Anza kwenye tovuti ya kaunti yenyewe, kisha fuata kiungo cha sherifu hadi "Inmate Search", "Jail Roster" au "Who's in Jail". Usiishie kwenye matokeo ya kwanza ya Google. Mengi ni matangazo ya biashara zinazouza "ripoti" kwa dola kadhaa, na data yake imenakiliwa kutoka kwenye orodha hiyohiyo ya bure ikiwa imechelewa. Nyingine huweka picha za watu waliokamatwa na kudai pesa ili kuziondoa. Usizilipe kamwe.

Anwani inayoishia .gov ni dalili nzuri, ila ofisi nyingine halali za sherifu hutumia .org au .com, na ndiyo sababu ya kupitia tovuti ya kaunti. Kaunti nyingine jela haiko kwa sherifu kabisa: King, ulipo mji wa Seattle, ina idara yake ya mahabusu.

Hatua ya 4: Andika jina

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, hasa kwa majina yetu.

Kanuni ya kwanza: andika herufi chache kadiri ukurasa unavyokubali. Jaza kisanduku cha "Last Name" kwa herufi tatu za mwanzo, acha "First Name" wazi, kisha pitia orodha kwa macho. "Abd" itakuletea Abdallah, Abdalla, Abdullah na Abdulrahman kwa mpigo mmoja. "Moha" na "Muha" zitafutwe kando, kwani Mohamed, Mohammed na Muhammad ni maandishi tofauti kwa kompyuta. Vivyo hivyo Yusuf na Yussuf, Said na Saeed, Hussein na Hussain. Orodha nyingine hukataa herufi chache na kutaka jina kamili. Huko huna budi kujaribu tahajia mojamoja.

Kanuni ya pili: usiwe na hakika lipi ni jina la mwisho. Juma Hassan Ali anaweza kuandikwa "Ali", "Hassan Ali" au "Hassan". Kwa Wakongomani wenye majina matatu, karatasi za ukimbizi huweza kulifanya lolote kati yao kuwa la ukoo, hata lile la ubatizo. Jaribu yote matatu kwenye "Last Name". "Abdul Rahman" mara nyingi hukatwa vipande viwili, "Abdul" likawa jina la kwanza na "Rahman" likawa la kati, huku la ukoo likiwa jingine kabisa.

Mtu ambaye pasipoti yake ina jina moja tu hupewa FNU kwenye viza, maana yake jina la kwanza halijulikani. FNU hiyo humfuata hadi kwenye leseni na hadi jela. Weka jina lake lote kwenye "Last Name", na FNU kwenye "First Name" ikiwa ukurasa unalazimisha kujaza vyote. Ukishindwa, geuza: jina lake kwenye "First Name" na LNU (jina la ukoo halijulikani) kwenye "Last Name".

Majina yenye king'ong'o yana shida yake. Ng'ang'a anaweza kuwa NGANGA, NG'ANG'A au NG ANGA. Kurasa nyingine zikikutana na alama hiyo huleta kosa, nyingine hunyamaza na kusema hakuna matokeo. Zaidi ya hayo, kibodi ya simu huweza kuweka alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kompyuta huziona kuwa vitu viwili. Andika "NG" tu, kisha pitia.

Angalia pia nafasi tupu mwishoni. Ukigusa jina linalopendekezwa na kibodi ya simu, simu huongeza nafasi baada yake, na kurasa kadhaa huihesabu kama herufi. Jina linakuwa sahihi machoni, majibu yanakuja sifuri. Futa hadi herufi ya mwisho ndipo utafute. Mimi napendekeza kompyuta kwa kazi hii. Simu hujisahihishia majina yetu bila kuulizwa.

Tarehe ya kuzaliwa huandikwa mwezi kwanza: 03/04/1990 ni tarehe 4 Machi. Waliokuja kama wakimbizi, wengi wameandikiwa 01/01 hata kama nyumbani tarehe yao inajulikana. Ukitakiwa tarehe, jaribu hiyo pia.

Hatua ya 5: Mpe muda, kisha piga simu

Kabla ya jina kuonekana, mtu huandikishwa: alama za vidole, picha, maswali ya afya, vitu vyake kuhesabiwa. Usiku wa Jumamosi kwenye jela kubwa shughuli hiyo inaweza kula saa nyingi. Anaweza pia kuwa bado mahabusu ya polisi wa mji, au hospitali chini ya ulinzi. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haonekani kwenye orodha za umma.

Rudia kutafuta kila baada ya saa mbili tatu. Zikipita saa 12 bila jina, piga simu jela, idara ya kuandikisha. Taja jina herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa, basi. Usijitolee kutaja nchi aliyozaliwa wala hali ya karatasi zake; hawazihitaji ili kukujibu.

Hatua ya 6: Soma kilichoandikwa

Nakili namba ya "Booking", yaani ya kuandikishwa. Ndiyo utakayoulizwa na wakili, na ndiyo ya kuweka pesa za simu. Mashtaka unayoyaona ni yale aliyoandika askari. Mwendesha mashtaka anaweza kuyabadilisha au kuyafuta, na kukamatwa si kuhukumiwa. Aliyekamatwa bila hati ya mahakama anapaswa kupata uamuzi wa hakimu ndani ya saa 48 kuhusu kama kulikuwa na sababu ya kumkamata, kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1991.

"Bond" ni dhamana, na mara nyingi huandikwa kwa kila shtaka, hivyo jumlisha. "No Bond" inaweza kumaanisha tu kwamba hakimu hajaipanga bado.

Neno la kuliogopa ni "Hold" au "Detainer". Likiambatana na ICE, idara ya uhamiaji imeomba ashikiliwe hadi saa 48 zaidi baada ya kuachiwa, ili imchukue. Ukikimbilia kulipa dhamana kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, unaweza kuwa umelipia safari yake ya kwenda mikononi mwao. Ongea na wakili kwanza.

Kwa Watanzania: Tanzania ni kati ya nchi ambazo ubalozi wake lazima uarifiwe raia wake akishikiliwa, atake asitake. Kwa Wakenya, mahabusu mwenyewe ndiye huchagua.

Hatua ya 7: Akitoweka kwenye orodha

Kaunti nyingi huondoa jina mara mtu anapotoka, iwe ameachiwa au amehamishwa. Angalia vinelink.com, huduma ya bure inayofika majimbo mengi. Unaweza kujiandikisha upate ujumbe hali yake ikibadilika.

Kisha locator.ice.gov, ukurasa wa kutafuta walioshikwa na ICE. Ukiwa na A-Number, yaani namba yake ya uhamiaji, ni rahisi: tarakimu tisa, ukiwa nazo pungufu ongeza sifuri mwanzoni, na uchague nchi ya kuzaliwa. Bila namba, jina lazima lilingane herufi kwa herufi. Makosa hutokea zaidi kwenye nchi: aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu na wazazi Wakongo amezaliwa Tanzania, ila karatasi zinaweza kusema vinginevyo. Jaribu Tanzania, kisha Congo zote mbili.

Kesi ya shirikisho? bop.gov huonyesha waliowahi kushikwa na idara ya magereza ya shirikisho tangu 1982, lakini anayesubiri kesi huwa chini ya US Marshals (maofisa wa usalama wa mahakama za shirikisho), pengine ndani ya jela ileile ya kaunti. Kesi yenyewe utaipata PACER, mfumo wa mtandaoni wa rekodi za mahakama za shirikisho, kwa senti 10 kwa ukurasa, na ada husamehewa usipozidi dola 30 kwa robo mwaka.

Hatua ya 8: Rekodi za wiki au miezi iliyopita

Achana na jela, nenda mahakamani. Majimbo mengi yana ukurasa wa kutafuta kesi mtandaoni: Minnesota ina MCRO, Wisconsin CCAP, Missouri Case.net, Maryland Case Search. Kama kesi haikufunguliwa, andikia kitengo cha rekodi cha sherifu ukitaja jina, tarehe ya kuzaliwa na siku ya kukamatwa, chini ya sheria ya rekodi za umma ya jimbo hilo. FOIA, sheria ya shirikisho ya kuomba rekodi, haihusu kaunti. Barua inayoitaja huchelewa tu.

Na kila ukurasa unaoupata, upige picha ya skrini yenye tarehe na saa papo hapo, kwa sababu kesho unaweza usiwepo na wakili atauulizia.