Disketi yenye herufi A: jinsi ya kuielewa na kuisoma leo

Kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Morogoro amekumbatia boksi la viatu. "Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe bado una mashine ya kusoma hivi vitu." Ndani mlikuwa na disketi kumi na tisa za marehemu baba yake. Moja ilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa wino wa bluu: "A: MIPAKA YA SHAMBA". Akaniuliza kama hiyo A ni daraja, yaani nyaraka muhimu kuliko za B.

Nilicheka, ila kosa si lake. Mimi nilikuwa katibu muhtasi kabla sijafungua steshenari, na enzi zile tulikuwa tukiambiana "barua iko A" bila kufikiri. A ni jina la tundu la kwanza la kuingizia disketi. Kompyuta nyingi za mwanzo zilikuwa na matundu mawili, A na B, na hazikuwa na diski ngumu kabisa, yaani ghala la kudumu la faili ndani ya mashine. Diski ngumu ilipokuja ikakuta herufi mbili zimeshachukuliwa, ikapewa C. Ndiyo maana hata kompyuta yako ya leo yenye Windows, isiyojua disketi ni nini, inaanzia C. Kwa hiyo ukikuta kwenye faili la zamani la ofisi "nakala ipo A", maana yake haimo ndani ya mashine. Tafuta disketi.

Disketi yenyewe ni kisahani cha plastiki laini kilichopakwa unga wa sumaku, kikavalishwa gamba. Jina lake jingine, flopi, limetokana na ulaini huo. Za kwanza, za IBM mwaka 1971, zilikuwa na upana wa inchi 8. Mwaka 1976 zikaja za inchi 5¼, nazo ukizishika zilikuwa zinapinda. Hizi ndogo ngumu za inchi 3½ alizileta Sony mwaka 1981. Watu huziona ngumu wakabisha kwamba si flopi, lakini ulaini uko ndani ya gamba.

Nyingi zimeandikwa 1.44 MB. Hesabu yake ina kituko. Kila upande una njia 80 za duara, kila njia ina vipande 18, kila kipande kina baiti 512. Zidisha, kisha mara mbili kwa pande zote: 1,474,560. Hiyo ni 1,440 mara 1,024, yaani hesabu wameigawa mara moja kwa 1,024, kisha mara ya pili kwa elfu. Mega ya namna hiyo sijaiona kwenye kifaa kingine. Picha moja ya simu yenye MB 3 haiingii hata ukiunganisha disketi mbili, ila maandishi matupu yanaingia kurasa mia saba hivi. Usiidharau.

Sasa kazi. Ukiikuta disketi kabatini, usiichomeke kwanza. Itazame. Sogeza kile kifuniko cha chuma kwa ukucha, kishikilie, kisha kwa kidole zungusha kitovu cha chuma kilicho nyuma huku umeielekeza kwenye mwanga. Kisahani kinatakiwa king'ae sawasawa, rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Ukiona madoa meupe kama unga wa muhogo, huo ni ukungu, weka pembeni. Hili nimejifunza kwa hasara: niliwahi kuchomeka moja yenye ukungu kwa haraka, uchafu ukaganda kwenye kichwa cha kusomea, na disketi mbili nzima za mteja zilizofuata zikachubuliwa duara kama sahani iliyokwanguliwa kwa uma. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya samahani.

Halafu ifunge isiandikike. Kwenye kona kuna kidude cha kuteleza. Kitelezeshe mpaka tundu liwe wazi, uone upande wa pili. Wazi maana yake imefungwa. Kwenye zile za inchi 5¼ ni kinyume, ulikuwa unaziba pengo la ubavuni kwa kistika. Tundu la kona ya pili, lisilo na kidude, linakuambia tu kwamba ni ya 1.44, isipokuwa nalo, huenda ni ya KB 720.

Kisomeo cha USB kinatosha kwa hizi za inchi 3½. Disketi za KB 800 za Macintosh, kompyuta za Apple, hakiziwezi, hata uombe dua.

Ukiichomeka kwenye Windows, unaweza kuulizwa kama unataka kuifomati, yaani kuifuta na kuiandaa upya. Kataa. Swali hilo halimaanishi disketi ni tupu, linamaanisha mashine imeshindwa kusoma mwanzo wake. Itoe, irudishe, jaribu tena. Mlio wa krr-krr ni wa kawaida. Mlio wa kukwaruza, toa hapo hapo.

Mimi sifungui faili moja moja, kwa sababu disketi iliyochoka huenda ikasomeka mara moja tu. Kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, nanakili disketi nzima. Naandika kwanza lsblk kuona kifaa chenye ukubwa wa 1.4M kimepewa jina gani. Kikiwa sdb, naandika hivi:

ddrescue /dev/sdb disketi1.img disketi1.map

Programu hiyo inachukua vipande rahisi kwanza, kisha inarudia vilivyogoma. Kwa disketi nzima ni dakika chache. Kwa mbovu, kachemshe chai. Kuanzia hapo fanya kila kitu kwenye nakala.

Majina ya faili yatakushangaza: herufi zisizozidi nane, nukta, zisizozidi tatu, basi. Ya mzee ilikuwa MIPAKA91.WP. Ilikuwa ya WordPerfect, programu ya zamani ya kuchapia, na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, inaifungua bila shida, jedwali likayumba kidogo tu. Kurasa tatu: kutoka mwembe mkubwa hadi mfereji, hatua ngapi, nani alikuwepo siku ya kupima. Kijana alisoma amesimama, akaomba nimprintie mbili na kumwekea nyingine kwenye flashi.

Kati ya kumi na tisa, kumi na nne zilisomeka zote, tatu nusunusu. Alitaka kuzitupa zote njiani. Nikamwambia aniachie zile mbili zenye ukungu, zipo kwenye bahasha juu ya kabati, mpaka nipate kisomeo cha pili ambacho hata kikiharibika sitalia.