Mtoto ana miadi na daktari kwa simu ya video? Anza na mizani

Mimi ni muuguzi wa watoto. Kwenye miadi ya video, mzazi hukutana na mimi kwanza kabla daktari hajaingia, na swali langu la mwanzo halibadiliki: mtoto ana kilo ngapi? Wengi hunijibu umri. Umri ni muhimu, lakini dozi nyingi za watoto hupigwa kwa kilo, na watoto wawili wa miaka mitatu wanaweza kupishana kilo nne au tano. Kwa hiyo mpime siku moja kabla. Akikataa kusimama kwenye mizani, mbebe mpimwe pamoja, kisha panda peke yako, utoe.

Ukimaliza hapo, kusanya dawa zote alizotumia uziweke mezani, chupa zenyewe. Jina peke yake halinisaidii sana. Kuna paracetamol ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na ipo yenye 250 katika mililita hizohizo. Ukiniambia "nimempa kijiko kimoja", nitakuuliza kijiko kipi, cha chupa ipi. Weka na za mitishamba, hata ile aliyoleta mama mkwe. Hakuna atakayekugombeza; daktari anataka tu kujua kilichoingia tumboni. Kama kuna dawa iliyowahi kumletea mzio, itaje mapema.

Homa iandike kwa namba na saa, pamoja na saa aliyopewa dawa ya kushusha joto mara ya mwisho. "Anachemka" hainiambii kama amefika 38 au 40.

Kwenye kupumua nitakuchosha kidogo, maana kamera hutudanganya sana hapo. Subiri mtoto atulie, ikiwezekana awe amelala, umfunue kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne: watoto wadogo hupumua harakaharaka, wakapunguza, wakaanza tena, na hesabu ya mkato hukosea. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka hadi miaka 5, ni 40. Angalia pia chini ya mbavu: je, panabonyea ndani kila anapovuta hewa?

Pakibonyea, achana na miadi, mpeleke hospitali sasa hivi. Fanya hivyohivyo kwa mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, na kwa mtoto wa umri wowote mwenye degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, asiyeamka vizuri, mwenye midomo ya buluu, au mwenye homa na upele usiofifia ukiukandamiza kwa glasi. Hawa hawangoji zamu ya simu.

Kuna mambo ambayo mtoto hayafanyi kwa kuagizwa. Kikohozi cha usiku, kuchechemea, kushtukashtuka: yarekodi yanapotokea, uwe nayo tayari. Upele upige picha mchana karibu na dirisha, moja ya mbali ionyeshe umeenea wapi, nyingine ya karibu ikiwa na sarafu pembeni tujue ukubwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, basi tuelezee unavyouhisi kwa vidole: una joto, umeinuka, unakwaruza? Kama tatizo liko sehemu za siri, usipige wala kutuma picha yoyote kabla hujatuuliza.

Mtoto mwenyewe awepo. Unaweza kucheka, lakini wapo wanaopiga wakiwa kazini na mtoto yuko nyumbani. Kama wewe si unayeshinda naye, mwite anayeshinda naye akae karibu, kwa sababu tutauliza amekula nini, amelalaje, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi.

Simu iwe na chaji, uiegemeze kwenye kitu imara ili mikono yako ibaki huru. Daktari atakutumia kama mikono yake. Huenda akakuomba umbonyeze mtoto tumbo taratibu huku yeye akimtazama uso, au umwambie aruke. Mwanga utoke mbele ya mtoto. Dirisha likiwa nyuma yake tunaona kivuli tu. Weka tochi karibu, na mfanyishe mazoezi ya kutoa ulimi na kusema "aaa" kama mchezo, maana koo la mtoto anayelia halionekani. Ndani ya sikio hatutaona kitu, hivyo anayelalamika sikio ajiandae kuitwa kliniki.

Kijana mkubwa mpe dakika chache na daktari peke yake. Toka chumbani kwelikweli, usisimame mlangoni.

Kabla hamjaagana, uliza nafuu itarajiwe lini na dalili ipi ikijitokeza umlete bila kusubiri. Andika majibu. Na mtandao ukikatika katikati, usianze kupiga mfululizo ukakuta laini inatumika; mara nyingi ni sisi tunakutafuta. Ndiyo maana mwanzoni nakuomba namba ya pili, na iwe ya simu iliyowashwa.