Betri ya pikipiki inakufa kila mara? Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Wadau wa boda na nyie mnaoendea kazini na pikipiki, niko hapa Tanga na kijiweni kwetu naona mtu ananunua betri leo, mwezi haujaisha stata haishiki tena, anakopa ananunua nyingine. Inaniuma kwa sababu mara nyingi betri haina kosa, kuna kitu kinaiua, na usipokijua hata hiyo mpya utaizika.

Mi yalinikuta. Fundi mmoja kaniambia betri imekufa, nikanunua, wiki tatu tu maji yamekauka na balbu za indiketa zinaungua ovyo. Nikaja kumpata jamaa mwenye mita ya kupimia umeme kule Ngamiani, akagusisha nyaya zake kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, ikasoma volti 15.8. Rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, ilikuwa mbovu, inaisukumia betri umeme mwingi mpaka inachemka. Hela ya betri ikaenda bure kwa sababu hakuna aliyepima.

Kwa hiyo tafuta mita ya kawaida tu, weka kwenye volti DC 20, nyekundu chanya nyeusi hasi, upime mara tatu.

Ya kwanza asubuhi kabla hujawasha, pikipiki imelala usiku kucha. Ikisoma 12.6 mpaka 12.8 imejaa, 12.4 imepungua kama robo, ikifika 12.0 iko hoi, chaji leo leo usingoje kesho, maana betri ikikaa na njaa salfeti inaganda kwenye sahani zake za ndani na baadaye haitoki. Ukiona 10.5 hivi na hata ukichaji haipandi, seli moja imekufa. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja kama 2.1, sasa ikitoka moja ndo inabaki hiyo, na hapo hakuna dawa.

Ya pili bonyeza stata huku unaangalia mita. Betri iliyosoma 12.6 alafu inaporomoka chini ya 9.5 imechoka ndani. Ila kama inabaki juu ya 11 na unasikia tik tik tu, usiilaumu betri, kamata nyaya, teminali (pale nyaya zinapofungwa kwenye betri) na rilei ya stata.

Ya tatu washa, piga resi kiasi. Inatakiwa 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda kabisa, haichaji, angalia koili ya kwenye injini inayozalisha umeme, rektifaya na zile soketi zao maana huwa zinaungua. Ikipita 15 ndo ule ugonjwa wangu.

Kama huna mita sikiliza honi na angalia indiketa kabla ya kuwasha injini. Usipime kwa taa kubwa ya mbele, pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inakula moja kwa moja kwenye koili, ndo maana inang'aa ukipiga resi na kufifia ukiachia, haikwambii chochote kuhusu betri.

Sasa sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. We unayepiga trip za Raskazone na Sahare kila siku, fungua kifuniko cha betri uangalie teminali, utakuta unga mweupe wenye ukijani umeota kama ukungu wa mkate, na waya ukiutikisa unacheza. Huo unga unazuia umeme kutoka na pia unazuia chaji kuingia. Fungua hasi kwanza ndo ufungue chanya, kwa sababu ukianza na chanya spana ikigusa chasisi inapiga shoti. Sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya moto yenye magadi kidogo, angalia yasiingie kwenye vifuniko vya seli, kausha, piga msasa laini, kaza, alafu paka mafuta ya mgando juu yake. Wakati wa kurudisha unaanza na chanya.

Betri ya maji iangalie kila wiki mbili hasa hizi siku za joto, maji yakae katikati ya ile mistari miwili ubavuni. Yakipungua ongeza maji ya betri, sio asidi, sio ya bomba, sio ya kunywa, na usome chupa kwanza maana asidi nayo inauzwa kwenye chupa zinazofanana.

Kuchaji: betri ya 7Ah (Ah ni kipimo cha ukubwa wa betri, kimeandikwa juu yake) inataka kama ampea 0.7, ya 5Ah inataka 0.5, yani sehemu moja ya kumi, taratibu. Wale wanaoipeleka kwenye chaja kubwa ya gari irudi baada ya nusu saa wanaipika. Iwe sehemu yenye hewa, sigara mbali, ile gesi inayotoka inalipuka. Ukiigusa betri ukakuta imepata joto kali, zima chaja.

Kama masika unaipaki muda mrefu, toa waya wa hasi na uichaji kila mwezi. Na asubuhi kama una kiki tumia kiki, maana stata inakula sana na trip fupi za Makorora hazitoshi kurudisha, hasa kama umefunga spika na taa za ziada.

Ya kubadilisha ni ile iliyovimba, inayovuja, au umeichaji ikajaa, ukaiacha usiku mzima bila kuifunga kwenye pikipiki, asubuhi inasoma chini ya 12.4. Nunua yenye Ah ileile na chanya upande uleule. Ikiwa ni ya kumwagiwa asidi dukani, usikubali ifungwe palepale, iache kama nusu saa alafu ichajiwe kwanza taratibu, vinginevyo unaanza nayo ikiwa haijajaa. Ile ya zamani usimwage asidi mtaroni wala kuwaachia watoto wachezee, ina madini ya risasi ndani, ipeleke ilivyo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanakupa chochote.